Nusu ya Tangi Si Nusu ya Mafuta

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa ofisini na wa darasani, na yamkini watashangaa kuona nafasi ya leo inatumika kuzungumzia tangi la mafuta la jahazi kuukuu. Nawaomba wastahimili. Ndani ya tangi hilo mna mali ya umma, mna usalama wa abiria, na mna heshima ya mfanyakazi mmoja aliyeandikiwa barua ya kujieleza kwa wizi ambao haukutendeka. Tena kosa lililomponza halikuwa la bahari wala la mashine. Lilikuwa kosa la hesabu, ile hesabu ambayo walimu wetu huifundisha kila mwaka kwa chaki na ubao.

Miaka michache iliyopita nilipewa nafasi ya kusafiri katika jahazi dogo la ofisi moja ya umma, ambayo sina haja ya kuitaja. Tulitoka upande wa Delta ya Rufiji kwenda Kilindoni, Mafia, na tulitarajia kurudi siku hiyo hiyo. Chombo kilikuwa cha mbao, chenye mlingoti mmoja na tanga lake, na chini ya sitaha, upande wa tezi, kilifungwa mashine ya dizeli ambayo umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Kipimo cha mafuta kilichokuwa karibu na usukani kilikwisha kufa siku nyingi. Mshale wake ulikuwa umelala kwenye robo tatu, na hapo ulibaki usiku na mchana, tangi likijaa au likikauka.

Kwa sababu hiyo ofisi ilikuwa imeagiza mafuta yapimwe kwa kijiti, na agizo hilo lilikuwa la busara. Alfajiri ile mtunza bohari alitumbukiza kijiti ndani ya tangi, akakitoa, akakitazama kwa tochi. Tangi lilikuwa na kina cha sentimita 60 na lilichukua lita 120. Kijiti kilikuwa kimelowa sentimita 30. Akaandika katika daftari lake: nusu ya tangi, lita 60. Mashine hula lita 6 kwa saa, safari ya kwenda na kurudi ni saa 8, jumla lita 48; zitabaki 12. Hakuna haja ya kuongeza. Akatia sahihi, mkubwa wake akatia sahihi, tukaondoka.

Saa nne za kwenda zilipita salama. Alasiri tulipokuwa tukirudi, kabla saa moja haijatimia tangu tung'oe nanga, mashine ilikohoa mara mbili, ikazimika. Baharia mtunza mashine, mzee aliyefanya kazi katika vyombo tangu ujana wake, alifungua kifuniko cha tangi akachungulia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nahodha, tangi kavu." Hapakuwa na kelele wala lawama. Nahodha aliamuru tanga lipandishwe. Upepo wa kusi ulikuwa ukituvumia ubavuni, chombo kikalala kidogo upande wa kulia, kikaenda. Tulifika midomo ya mto usiku, maji yakiwa yamekupwa, tukatia nanga kungojea mapambazuko. Tulikuwamo watu 11, miongoni mwao mama mmoja mwenye mtoto mchanga.

Kama chombo kile kingekuwa na mashine tu bila tanga, habari hii ingeandikwa na mtu mwingine, na katika ukurasa mwingine.

Wiki ya pili baharia alipewa barua. Ilimtaka aeleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kupotea kwa mafuta ya Serikali. Hoja ya ofisi ilikuwa nyepesi na ilionekana imekamilika: tangi lilikuwa na lita 60, mashine ilifanya kazi kwa muda usiozidi saa 5, kwa hiyo haikuweza kula zaidi ya lita 30. Je, lita nyingine 30 zimekwenda wapi? Mtu aliyekaa na tangi usiku na mchana ni mmoja tu. Wala hakuweza kujitetea, kwa kuwa kijiti kilipimwa mbele ya macho yake, naye aliona kwa macho yake kimelowa nusu.

Hapa ndipo nawaomba walimu wa hesabu wanisikilize. Tangi lile halikuwa sanduku. Matangi mengi ya vyombo vya zamani vya tanga hutengenezwa kufuata ubavu wa chombo ili yasile nafasi ya mizigo. Juu huwa mapana, chini huwa membamba, kama kabari iliyosimama kwa ncha. Katika umbo la namna hiyo mafuta yakishuka hadi nusu ya kina, upana wa uso wake nao huwa umepungua hadi nusu. Nusu mara nusu ni robo. Tangi la lita 120 ambalo kijiti chake kimelowa nusu lina lita 30 tu. Likilowa robo tatu, mtu asiyejua hudhani zimebaki lita 90, kumbe zimebaki 67 na nusu. Likilowa robo, hudhani zipo 30, kumbe ni 7 na nusu. Kijiti hakikusema uongo hata kidogo. Kilisema sentimita, na sisi tukasikia lita.

Lita 30 za barua ile, basi, hazikuibwa na mtu. Hazikuwamo tangu mwanzo.

Niliporudi mahali pale baada ya miezi kadhaa, mwalimu mmoja wa shule ya sekondari ya jirani alikuwa amelichukua jambo hili mikononi mwake bila kutumwa na mtu. Waliliondoa tope na mabaki yote ndani ya tangi, wakakiweka chombo sawasawa kikiwa kimeelea bila mzigo mkubwa upande wowote, kisha wakamimina dizeli lita 10 kwa kipimo kilichohakikiwa, wakatumbukiza ufito mkavu wa mbao ngumu, wakakata alama kwa kisu pale ulipolowa. Wakamimina nyingine 10, wakakata alama ya pili, wakaendelea hivyo hadi tangi likajaa. Lita 10 za kwanza zilipanda kama sentimita 17. Za pili zilipanda sentimita 7 tu. Kadiri walivyopanda ndivyo alama zilivyosogeleana, na zile za mwisho karibu na kifuniko zilikuwa zimeachana kwa chini ya sentimita 3. Ufito ule, ukiutazama, alama zake zimetawanyika chini na kubanana juu, nao ndio hati ya utetezi ya yule mzee. Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Gharama yake ilikuwa ufito na kisu, maana mafuta yenyewe yalibaki tangini.

Sitaki msomaji afikiri kwamba dawa ya yote haya ni kununua kipimo kipya cha umeme. Wapo watakaosema hivyo, na nimewasikia. Yafaa tujue kwanza kipimo hicho hufanyaje kazi. Ndani ya tangi huwamo boya lililofungwa kwenye mkono. Boya likipanda na kushuka, mkono hubadilisha ukinzani wa umeme, na mshale ulioko karibu na usukani hufuata badiliko hilo. Ni kifaa kizuri kinapokuwa kipya na kikavu. Lakini katika chombo cha baharini waya huliwa na chumvi, viungo hushika kutu, boya hutoboka likazama au mkono hukwama. Mshale hauna namna ya kutujulisha kwamba umekwama. Husimama pale pale kwa utulivu uleule wa siku zote, na macho ya mwanadamu hupenda kuuamini.

Kisha liko tatizo la vipuri. Vipimo vya mtindo wa Kimarekani kwa kawaida husoma tangi tupu kwa ukinzani wa omu 240 na tangi lililojaa kwa omu 33. Vile vya mtindo wa Kiulaya husoma kinyume: tupu ni omu 10, limejaa ni omu 180. Fundi akifunga boya la mtindo mmoja na mshale wa mtindo mwingine, tangi likijaa mshale utakwenda upande wa tupu, na tangi likikauka mshale utapanda kwa furaha upande wa kujaa. Vyombo vyetu vingi vimerithi mashine kutoka nchi moja, tangi kutoka karakana ya mtaani na kipimo kutoka duka lolote lililokuwa wazi siku hiyo. Kabla ya kumlaumu mtu, ofisi iulize kwanza kama vifaa vyake vinasema lugha moja.

Hata kipimo kizima hudanganywa na chombo chenyewe. Jahazi linapokwenda kwa tanga hulala upande, na mafuta hukimbilia upande wa chini. Boya likiwa katikati husoma hivi, likiwa pembeni husoma vile. Tena bomba linalonyonya mafuta likiwa upande wa juu laweza kuvuta hewa ilhali mafuta bado yamo, na mashine ya dizeli ikivuta hewa huzimika, wala haitawaka hadi hewa yote itolewe katika mabomba, kazi ngumu kwa mtu anayeyumbishwa na mawimbi gizani. Ndiyo maana kupima kufanyike chombo kikiwa kimetulia, mashine imezimwa, na kabla ya safari. Wako wanaofunga mrija unaopenya mwanga ubavuni mwa tangi ili mafuta yaonekane kwa macho. Nao ni msaada, mradi uwe na koki juu na chini zinazofungwa wakati wote isipokuwa pale mtu anaposoma. Mrija ukikatika huku koki ziko wazi, tangi lote humwagika katika ngama, na penye mashine ya moto hapo ni hatari ya kuteketea.

Kuna adui mwingine ambaye kijiti kitupu hakimwoni, naye ni maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, na kijiti huyahesabu kuwa mafuta. Huingia kwa kifuniko kibovu, au hutokana na mvuke unaoganda katika tangi lililoachwa nusu kwa muda mrefu. Mahali maji na dizeli vinapokutana huota viumbe vidogo ambavyo utando wao huziba machujio, na mara nyingi huziba siku ya bahari mbaya, pale uchafu wa chini unapotibuliwa. Iko dawa ya kupaka kwenye ncha ya kijiti ambayo hubadilika rangi ikigusa maji. Mahali isipopatikana, mafuta kidogo yatolewe chini ya tangi kwa koki na kutiwa katika chupa nyeupe. Baada ya muda maji yatajitenga yenyewe na kuonekana.

Asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya watu wa majahazi na ya nchi changa. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767, ikitoka Montreal kupitia Ottawa kwenda Edmonton, iliishiwa mafuta ikiwa angani. Vipimo vyake vya mafuta vilikuwa vimeharibika, na mafuta yakapimwa kwa vijiti, kama yetu. Vijiti vilisema kweli. Safari ilihitaji kilo 22,300. Lakini katika kugeuza lita kuwa uzito walitumia kizidisho cha 1.77, ambacho hutoa ratili, badala ya kile cha takriban 0.8 ambacho hutoa kilo. Ndege ikaondoka na mafuta yasiyofika nusu ya yale yaliyohitajika, karatasi zote zikiwa zimetiwa sahihi. Rubani Robert Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na mashine, aliishusha kwa kuelea hewani hadi katika uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Manitoba, na watu wote 69 walipona. Yeye naye, kwa namna yake, alipandisha tanga.

Katika mkasa ule wa Kanada na katika ule wa kwetu chombo cha kupimia kilikuwa kweli, na watu walikuwa waaminifu. Kilichopotea ni kiungo kati ya kipimo na maana yake. Nami nasisitiza jambo hili kwa watumishi wenzetu wa Serikali, kwa sababu ofisini tunaishi kwa tarakimu zilizokwisha kupimwa na watu wengine. Tunapoletewa karatasi yenye neno nusu, ni wangapi kati yetu huuliza, nusu ya nini?

Yafaa pia tuizungumzie ile barua. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambao wengi wetu tuliusoma shuleni kama historia tu, ulikuwa na maneno makali juu ya viongozi wenye kiburi na dharau kwa wanaowaongoza. Sisemi kwamba mkubwa wa ofisi ile alikuwa na kiburi. Nasema kwamba ilimwia rahisi kumshuku baharia kuliko kuishuku hesabu, kwa sababu hesabu iliandikwa ofisini na baharia alinuka dizeli. Wizi wa mafuta ya umma upo, na hakuna mwananchi asiyeuona. Nchi yetu huagiza dizeli yake yote kutoka nje, na wazee wetu wanakumbuka jinsi bei ilivyopanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na jinsi magari na mashine zilivyosimama. Kila lita inayochepushwa ni fedha ya kigeni iliyotupwa. Lakini mwizi halisi hupenda sana ofisi isiyojua tangi lake lina nini. Mahali ambapo hakuna alama wala daftari, mwaminifu hawezi kuthibitisha uaminifu wake na mwizi hawezi kuthibitishiwa wizi wake. Wote wawili huhukumiwa kwa sura zao.

Daftari ninalolisema si lile la bohari. Ni daftari la chomboni, lenye saa mashine ilipowashwa, saa ilipozimwa, alama ya kijiti kabla na baada, na lita zilizoongezwa. Mashine nyingi za zamani hazina kihesabu saa, lakini hakuna nahodha asiye na saa ya mkononi au simu. Baada ya safari kumi hivi, chombo chenyewe kitakuwa kimeeleza tabia yake. Kwa makadirio ya kuanzia, mashine ya dizeli hula kama lita moja kwa saa kwa kila nguvu za farasi 4 au 5 inazozitoa kweli kweli, si zile zilizoandikwa katika kibati chake. Na hapa walimu wa fizikia wana somo jingine zuri: nguvu inayohitajika kusukuma chombo huongezeka takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Nahodha akishuka kutoka maili 6 za baharini kwa saa hadi 5, matumizi ya kila saa hupungua kwa kama asilimia 40, na hata tukihesabu kwamba safari itachukua muda mrefu zaidi, mafuta ya safari nzima hupungua kwa kama asilimia 30. Mkubwa anayemhimiza nahodha aharakishe ili awahi mkutano ajue anaagiza nini.

Mabaharia wa nchi nyingi hufuata kanuni ya theluthi: theluthi moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Kwa hesabu ya alfajiri ile, safari yetu ilibakiza lita 12 katika 60, yaani moja ya tano, hata kama nusu ingekuwa nusu kweli. Kanuni ingetuzuia pwani kabla hesabu mbovu haijatufikisha baharini. Na tanga lisichukuliwe kuwa theluthi hiyo ya tatu. Tanga lilituokoa kwa kuwa lilikuwa zima, kamba zake zilikuwa nzima, na nahodha alikuwa na umri wa kutosha kujua kulitumia. Nimeona majahazi ambayo tangu yafungwe mashine tanga limegeuzwa turubai la kufunikia magunia ya mkaa, na vijana wa chomboni hawajui hata foromali hupandishwaje.

Kwa hiyo nasema wazi ninachokitaka. Kila ofisi ya umma yenye chombo cha tanga chenye mashine ya ndani, kiwe cha zahanati ya kisiwani, cha doria ya uvuvi au cha kupeleka walimu na mitihani, ilipime tangi lake kwa lita, ikate ufito wake, na iweke jedwali la alama hizo chomboni na ofisini. Mtu asitie sahihi ya mafuta mpaka aone kijiti na jedwali pamoja. Wakaguzi wa usalama wa vyombo vidogo waulize ufito huo kama wanavyouliza maboya ya kujiokolea. Na mahali penye shule karibu, wanafunzi wa kidato cha pili wapewe kazi hiyo. Watajifunza pembetatu zinazofanana kwa namna ambayo hawataisahau.

Barua ya yule mzee ilifutwa. Mwalimu alipeleka ufito ofisini, akaulaza juu ya meza ya mkubwa, akaeleza kwa dakika kumi, na mkubwa, nampa haki yake, alielewa na akaandika barua nyingine siku ile ile. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuondoka. Nilimkuta ufukweni akishona nyavu za mwanawe. Nilimwambia, "Mzee, wamekuomba urudi kazini." Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye nyavu, "Mwanangu, miaka thelathini nimepima mafuta kwa kuligonga tangi kwa kidole na kusikiliza mlio. Siku ile niliusikia mlio, nikajua hayatoshi. Sikusema, kwa sababu karatasi ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi."

Kazi yake inafanywa sasa na kijana, na ufito umefungwa kwa kamba kando ya tangi.